Kidonge cha Bure na Gharama Zake: Wajibu wa Kampuni za Afya katika Nyanda za Juu Kusini

Katika mabonde ya Rungwe, Busokelo na Kyela, ambako mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kwa kasi kutoka milimani kuelekea Ziwa Nyasa, wananchi kwa miaka mingi wamemeza dawa ambayo hakuna mgonjwa, zahanati wala halmashauri iliyoinunua. Dawa hiyo ni ivamektini, itolewayo kwa jina la Mectizan, na mtengenezaji wake ni kampuni ya Merck ya Marekani. Hutolewa kukinga na kudhibiti ugonjwa wa usubi, ambao huanza kwa muwasho usiokoma, huharibu ngozi, na usipozuiwa huweza kumpofusha mtu.

Siku hizi kila kampuni kubwa ya afya hutoa taarifa ya mwaka yenye sura ndefu juu ya wajibu wake kwa jamii na uendelevu wa miradi yake. Sura hizo huandikwa mbali sana na Tukuyu. Mhudumu wa afya anayetaka kujua maneno hayo yana uzito gani hana haja ya kuzisoma zote. Anaweza kuanza na kidonge hiki kimoja, akauliza nani alilipia nini mpaka kikafika mdomoni mwa mkulima wa chai au wa ndizi.

Asili ya dawa hii ni udongo wa Japani. Mtafiti Satoshi Ōmura wa Taasisi ya Kitasato alipata humo bakteria wenye uwezo wa kutengeneza kemikali inayoua minyoo, na William Campbell na wenzake wa Merck wakaigeuza kuwa dawa. Wawili hao walishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2015. Lakini dawa iliingia sokoni kwanza, mwaka 1981, kwa ajili ya mifugo, na huko ndiko ilikoiletea kampuni faida kubwa. Mwaka huohuo Mohammed Aziz, mtafiti wa Merck, alianza kuijaribu kwa wagonjwa wa usubi mjini Dakar, Senegal, na matokeo yakawa mazuri. Tatizo likawa soko: watu walioihitaji walikuwa wanavijiji maskini kuliko wengi duniani, waishio kando ya mito. Kampuni ilitafuta serikali au shirika la kugharimia dawa hiyo, lisipatikane. Oktoba 1987, Roy Vagelos, daktari aliyekuwa akiiongoza Merck, alitangaza kwamba kampuni ingeitoa bure kwa wote wanaoihitaji, kwa kiasi chochote kitakachohitajika na kwa muda wote utakaohitajika.

Kipengele cha muda ndicho chenye uzito kuliko vyote, na sababu yake imo katika maisha ya mnyoo wenyewe. Inzi mdogo mweusi aitwaye usubi, anayezaliana katika maji yaendayo kasi, humwambukiza mtu viluwiluwi vya mnyoo anapomuuma. Mnyoo mkubwa hujificha katika vinundu chini ya ngozi na huweza kuishi miaka 10 hadi 15, akizaa vitoto vingi mno vinavyosambaa katika ngozi na macho. Ivamektini huua vitoto hivyo na kumzuia mama asizae kwa miezi kadhaa, lakini haimwui. Kwa hiyo mtu aliyemeza dawa mwaka huu akaacha mwaka ujao ataanza tena kuwashwa, na usubi atakayemuuma atabeba vimelea kwa jirani yake. Msaada wa miaka mitatu, ambao ndio umri wa miradi mingi ya wafadhili, usingefaa kitu. Ahadi ya Merck ilikuwa na thamani kwa sababu ililingana na umri wa mnyoo, si na mwaka wa fedha.

Haifai hata hivyo kuifanya hadithi hii iwe ya malaika. Sheria za Marekani huipa nafuu ya kodi kampuni inayotoa dawa kwa hisani, na jina jema nalo ni mali. Merck haikutoka mikono mitupu. Lakini anayeishia kwenye hoja hiyo hupitwa na swali lenye maana zaidi kwa mkoa kama Mbeya: baada ya kampuni kutimiza fungu lake, mafungu mengine yalibebwa na nani?

Dawa hufika nchini kwa maombi ya serikali, na maombi hayo hupitiwa na kamati huru ya wataalamu iliyoundwa mwaka 1988. Kutoka bandarini, ghala, usafiri, mafunzo, fomu na usimamizi ni kazi ya Wizara ya Afya, halmashauri na wafadhili. Kati ya mwaka 1995 na 2015 sehemu kubwa ya kazi hiyo ilisaidiwa na mpango wa Afrika wa kudhibiti usubi, uliojulikana kama APOC. Mpango huo ulilijumuisha bonde la Tukuyu katika maeneo machache ambako ulijaribu pia kumkabili inzi mwenyewe mitoni. Hata hivyo, mzigo mkubwa ulibaki kwa vidonge, na vidonge vilibaki mikononi mwa wanakijiji.

Utaratibu uliotumika huwataka wanakijiji wenyewe, katika mkutano wao, wachague wagawadawa na kuamua msimu wa kugawa. Mgawadawa huenda nyumba kwa nyumba akiwa na daftari, kopo la vidonge na fimbo ya kupimia urefu. Fimbo hiyo ni uvumbuzi mdogo uliookoa kazi kubwa, kwa kuwa mizani ni ghali na ni nzito kupandisha mlimani. Mwenye urefu wa sentimita 90 hadi 119 hupewa kidonge kimoja cha miligramu 3. Wa 120 hadi 140, viwili. Wa 141 hadi 158, vitatu. Na anayezidi hapo, vinne. Mtoto asiyefikia sentimita 90 hapewi, wala mjamzito, wala mama aliyejifungua ndani ya wiki moja, wala mgonjwa mahututi. Muwasho, uvimbe mdogo au homa baada ya kumeza kwa kawaida ni dalili za vimelea kufa, nazo hupita kwa siku chache. Anayezidiwa apelekwe zahanati. Kwa kuwa dawa hiihii huuzwa katika maduka ya dawa za mifugo, inafaa wananchi waambiwe waziwazi kwamba ile ya ng'ombe haikuandaliwa kwa ajili ya binadamu, na vipimo vyake ni vingine kabisa.

Mgawadawa hana mshahara. Huacha shamba lake kwa siku kadhaa kila mwaka, na mwaka unaofuata huombwa tena. Ili ugonjwa udhibitiwe, dawa inapaswa kuwafikia walau asilimia 65 ya wakazi wote. Ili utokomezwe, asilimia 80 na zaidi. Viwango hivyo vinategemea nguvu za mtu ambaye hatajwi katika taarifa ya kampuni wala katika bajeti ya halmashauri. Ukijumlisha siku zote za kazi zilizotolewa bure kandokando ya Mbaka na Kiwira, ni vigumu kuendelea kusema kwamba mfadhili ni mmoja.

Yupo pia mmezaji mwenyewe. Anaombwa anywe dawa hata kama hajisikii mgonjwa, na bure huamsha maswali. Mwaka 2008 mjini Morogoro, ugawaji wa dawa za kichocho na minyoo mashuleni ulizua uvumi, kisha ghasia, wazazi wakikimbilia shuleni kuwachukua watoto wao. Wazazi hao hawakuwa wajinga. Dawa za nguvu zilikuwa zimegawiwa watoto wao bila maelezo ya kutosha, na pengo la maelezo likajazwa na hofu. Kampuni inaweza kutoa shehena ya vidonge, lakini imani haitengenezwi kiwandani. Hujengwa na muuguzi anayejibu swali lilelile kwa mara ya ishirini bila kukasirika.

Ukiondoka Mbeya kwa barabara kuu ya kaskazini-mashariki mpaka Iringa, unakutana na sura nyingine ya wajibu wa kampuni: jengo na mashine badala ya kidonge. Mfuko wa Abbott, taasisi ya hisani ya kampuni ya Abbott ya Marekani, umefanya kazi na Serikali ya Tanzania tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Umesaidia Hospitali ya Taifa Muhimbili, ikiwamo idara ya tiba ya dharura iliyofunguliwa mwaka 2010, na ukaboresha maabara 23 za hospitali za ngazi ya mkoa nchini. Kwa Nyanda za Juu Kusini maabara si pambo. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017, maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa watu wazima yalikuwa asilimia 11.3 mkoani Iringa na 9.3 mkoani Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa karibu asilimia 5. Mahali penye wagonjwa wengi kiasi hicho wanaohitaji kufuatiliwa maisha yao yote, mashine iliyosimama wiki mbili ni wiki mbili za matibabu ya kubahatisha.

Ugumu wa zawadi ya namna hii hautokani na nia ya mtoaji. Kidonge kikimezwa, kimemaliza kazi yake. Mashine ikizinduliwa, ndiyo kwanza imeanza kula. Inahitaji vitendanishi kila wiki, umeme usiokatika, maji safi, fundi aliyefunzwa, vipuri, na mahali salama pa kuteketeza taka zake. Mashine nyingi za maabara hukubali vitendanishi vya mtengenezaji wake tu, hivyo hospitali inayopokea mashine bure huwa imechagua pia muuzaji kwa miaka mingi ijayo, pengine bila kufahamu. Hilo si lazima liwe baya. Lakini ni jambo la kuandikwa katika mkataba kabla utepe haujakatwa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya msaada wa dawa mwaka 1996, likitaka kitolewacho kiwe kinahitajika kweli na kiwe na walau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake kinapofika nchini. Mwongozo huo ulihitajika kwa sababu mataifa maskini yalikuwa yakipokea shehena za dawa zilizokaribia kuharibika, kisha yakabeba gharama ya kuzichoma. Mganga mfawidhi ana haki ya kuuliza maswali ya aina hiyo juu ya zawadi yoyote, hata ikiletwa na wageni wenye kamera: nani aliiomba, ahadi ni ya miaka mingapi, vitendanishi vitagharimu kiasi gani kwa mwezi, fundi atatoka wapi, na mradi ukifungwa nani atarithi deni. Kuuliza hivyo si utovu wa shukrani. Mfadhili mwenye nia ya dhati kwa kawaida huwa ameshajiandalia majibu.

Kuhusu usubi, swali la urithi limekwisha kuwa la kweli. Niger ilithibitishwa mwaka 2025 kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuutokomeza ugonjwa huo, baada ya Colombia, Ecuador, Mexico na Guatemala kutangulia. Ili eneo lolote lifuzu, haitoshi watu kuacha kuwashwa. Watoto walio chini ya miaka 10 hupimwa damu kuona kama wamewahi kuambukizwa, na maelfu ya inzi hukamatwa kandokando ya mito, kisha huchunguzwa maabara kama wangali wamebeba vimelea. Baada ya ugawaji wa dawa kusimama, ufuatiliaji huendelea kwa miaka mitatu hadi mitano. Katika miaka hiyo kampuni haidaiwi tena kidonge chochote. Kinachodaiwa ni posho ya anayekaa mtoni tangu asubuhi akikamata usubi, mafuta ya pikipiki ya kupeleka sampuli, na kemikali za maabara itakayozipima. Na mafungu hayo hayamo katika ahadi ya mwaka 1987. Ni ya bajeti ya Serikali na ya halmashauri zenyewe.