Dokumentari zinapimwa kwa watalii, tiketi hakuna anayezihesabu

Dokumentari ya Afrika Mashariki, kwa kawaida, hulipwa kabla haijapigwa picha. Fedha hutoka kwa wafadhili, kwa mifuko ya matamasha na kwa vituo vya televisheni vya Ulaya na Marekani. Kazi ikikamilika, mtengenezaji hulipa madeni yake, na akiwa na bahati hubakiwa na akiba kidogo ya kuanzia nyingine. Kinachofuata, yaani kuingia kwenye majumba ya sinema na baadaye kumfikia mtazamaji sebuleni kwake, ndicho kilichopaswa kuwa biashara. Filamu mpya hazikomi kutoka, na baadhi zinarudi na tuzo kubwa, lakini wanaoishi kwa kuziuza hapa nyumbani wanazidi kupungua.

Msambazaji mmoja wa Kariakoo, ambaye ameuza filamu tangu enzi za kanda hadi dividii na sasa flashi, anasema dokumentari ndiyo bidhaa iliyomchosha kuliko zote. Aliomba jina lake lisiandikwe kwa sababu bado anafanya kazi na anaowalalamikia. Shida ya kwanza, kwa maelezo yake, ni ratiba. Filamu ya mapigano kutoka nje hupewa Ijumaa jioni na mwisho wa wiki wote, na dokumentari hupewa alasiri ya katikati ya wiki, saa ambayo mnunuzi wa tiketi yuko kazini. Viti visipojaa siku mbili za kwanza, filamu huondolewa, na mwenye ukumbi husema soko halipo. Karibu nusu ya kilichokusanywa hubaki kwa ukumbi, na kinachobaki hakirudishi hata gharama ya mabango.

Shida ya pili ndiyo inayomuumiza zaidi. Alikwenda na filamu kwenye kituo cha televisheni akidhani anakwenda kuuza. Aliambiwa alipe yeye. Kituo kilimtajia bei ya muda wa hewani, kwa dakika, kama inavyotajwa kwa mhubiri au muuza dawa za asili, na kikamshauri atafute mdhamini wa kubeba gharama hiyo. Wasambazaji na watayarishaji wengine wa Dar es Salaam na Nairobi wanasimulia mambo yanayofanana na haya. Kwa nchi ambazo sheria na miongozo yake inahimiza maudhui ya ndani, hili ni jambo zito. Kenya ilijiwekea lengo la asilimia 60 ya maudhui ya ndani kwenye televisheni, na ofisa anaweza kusimama jukwaani akasema lengo linakaribiwa. Lakini ndani ya asilimia hiyo imo mijadala ya asubuhi na vipindi vya muziki. Filamu iliyochukua miaka minne kutengenezwa haipati nafasi kwa sababu tu kituo kimefikisha kiwango.

Shida ya tatu inahusu wafadhili wenyewe. Msambazaji huyu anasema mara mbili alikuta filamu aliyoichukua kwa makubaliano ya kuuza imeshagawiwa bure kwenye semina na mashuleni, kwa kuwa mkataba wa ufadhili ulitaka ujumbe uwafikie wengi. Hapingi watoto kuiona. Anachouliza ni nani atanunua kitu ambacho jirani amepewa bure.

Upande wa serikali unasimulia habari tofauti kabisa, na inafaa isikilizwe kwa makini kwa sababu imebeba takwimu. Ofisa mmoja anayefuatilia masuala ya filamu na utalii Tanzania husema dokumentari inalipa, na ushahidi wake ni The Royal Tour. Filamu hiyo, ambamo Rais alimwongoza mwandishi wa Marekani kwenye vivutio vya nchi, ilizinduliwa New York na Los Angeles Aprili 2022, kisha ikaonyeshwa Arusha, Zanzibar na Dar es Salaam. Hesabu ya ofisa ni hii: mwaka 2021 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 922,692, mwaka 2022 wakawa 1,454,920, na mwaka 2023 wakafika 1,808,205. Kwake, hakuna filamu ya kuigiza iliyowahi kuleta fedha za kigeni kiasi hicho, kwa hiyo anayesema dokumentari haina soko hajui anachokisema.

Tarakimu hizo ni za kweli. Tatizo ni pale hesabu inapoanzia. Mwaka 2021 dunia ilikuwa bado imefungiwa na Corona, na mwaka 2020 watalii waliokuja Tanzania walikuwa 620,867 tu. Kabla ya ugonjwa, mwaka 2019, walikuwa 1,527,230. Maana yake, mwaka wa uzinduzi wa filamu haukufikia ule wa kabla ya Corona. Ulipungukiwa na watalii zaidi ya 72,000. Kenya nayo, bila filamu iliyopigiwa debe kiasi hicho, ilipanda kutoka wageni 870,465 mwaka 2021 hadi 1,483,752 mwaka 2022, ongezeko la asilimia 70, wakati la Tanzania lilikuwa asilimia 58. Rekodi ya mwaka 2023 inastahili pongezi, na si haki kusema filamu haikuchangia chochote. Waongoza watalii wa Arusha wanasema wapo wageni wanaoitaja. Ila kuigawia filamu moja ongezeko lote, huku mipaka na anga za dunia zikiwa zimefunguliwa mwaka uleule, ni hesabu ambayo mhasibu yeyote angeirudisha.

Na hata tukiikubali, haimsaidii muuzaji wa Kariakoo. Watanzania wengi waliiona filamu ile bure, kwenye televisheni na kwenye hafla za mialiko. Ilikuwa tangazo la nchi, tangazo zuri, na tangazo haliuziwi tiketi. Kuitaja kama kielelezo cha soko la dokumentari kunawapa watunga sera sababu ya kuamini kwamba kazi imeshafanyika.

Mazoea haya ya kuipima dokumentari bila kuangalia tiketi si mapya. Mwaka 1959 ilitoka dokumentari ya Wajerumani wawili, baba na mwanawe, kuhusu uhamaji wa wanyama wa Serengeti, na mwaka 1960 ikashinda Oscar. Ilijaza majumba ya sinema ya Ulaya na kuvuta macho na michango kwa ajili ya hifadhi. Mapato ya tiketi yalikuwa ya huko. Mwaka 2004 ikaja Darwin's Nightmare, kuhusu sangara wa Ziwa Victoria na watu wa Mwanza, nayo ikateuliwa kuwania Oscar. Safari hii viongozi waliilaani wazi mwaka 2006, wakisema inachafua jina la nchi na kuhatarisha soko la minofu nje. Filamu moja husifiwa kwa watalii, nyingine hulaumiwa kwa samaki, lakini kipimo ni kilekile: mgeni ataonaje. Mvuvi wa Mwanza anayetaka kulipa aione habari inayomhusu hakuwekwa kwenye hesabu mwaka 2006, na leo bado hayumo.

Nairobi imejaribu zaidi kuwauzia watu wa nyumbani. Dokumentari ya Softie, kuhusu mpiga picha na mwanaharakati aliyegombea ubunge mwaka 2017, ilianza safari kwenye tamasha kubwa la Marekani Januari 2020 na kupata tuzo ya uhariri. Iliingia kwenye sinema za Kenya Oktoba mwaka huohuo, wakati kafyu ya Corona bado ipo. Mwezi uleule Wamarekani waliiona nyumbani kwenye televisheni ya umma, bila kununua tiketi. Hakuna aliyekosea hapo. Mwenye fedha za kutengenezea ndiye aliyenunua haki ya kuonyesha mapema. Lakini wenye filamu iliyohusu uchaguzi wa Kenya walilazimika kumwomba Mkenya atoke nyumbani na kulipa, huku kafyu ikimhesabia saa za kurudi. The Letter, kuhusu wazee wa pwani ya Kenya wanaotuhumiwa uchawi na jamaa wanaotamani ardhi yao, nayo ilisifiwa mbali na ikapelekwa kuiwakilisha Kenya kwenye Oscar. Habari kama hiyo ingepaswa kuonyeshwa Kilifi kwa miezi. Majumba ya kuionyeshea ndiyo hayapo.

Taarifa ya kimataifa ya mwaka 2021 kuhusu filamu za Afrika ilikadiria kwamba bara lina skrini moja ya sinema kwa kila watu 787,402. Taarifa hiyohiyo ndiyo inayonukuliwa mno kwa ahadi ya ajira milioni 20 na pato la dola bilioni 20 kwa mwaka. Maofisa wanaipenda sehemu ya pili na kuiruka ya kwanza. Wanairuka pia ile inayosema kwamba katika thuluthi mbili hivi za nchi, nusu au zaidi ya mapato yanayowezekana hupotelea kwa wanaodurufu kazi za watu.

Soko la filamu za kutazama sebuleni lina hadithi fupi zaidi, kwa kuwa limebaki kidogo. Dividii imekufa pamoja na deki zake. Stempu za kodi zilizoanza kubandikwa Tanzania mwaka 2013 ili kutenganisha kazi halali na ya wizi zilikuja wakati mnunuzi ameanza kuhamia kwenye flashi, ambayo haibandikwi kitu. Wanaojaza flashi kwa bei ya chini wanasema dokumentari zinazotoka ni za wanyama na za vita, karibu zote za nje. Mabanda ya video hayazigusi kabisa. Huko ni mpira na filamu zilizotafsiriwa kwa sauti. Kwenye mtandao, filamu ya dakika 90 inaweza kula GB moja hadi tatu, na bei ya bando mara nyingi hushinda bei ya filamu yenyewe. Mtanzania aliyetaka kufungua televisheni yake ya mtandaoni mwaka 2018 alitakiwa kulipa ada ya maombi Sh100,000, leseni Sh1,000,000 na nyingine kama hiyo kila mwaka. Ada zilipunguzwa baadaye, lakini waliokata tamaa si wote waliorudi.

Ipo pia hatari ya ukaguzi, ambayo wawekezaji huitaja kwa sauti ya chini. Kenya ilipiga marufuku dokumentari ya I Am Samuel mwaka 2021 kwa sababu ya maudhui ya mapenzi ya jinsia moja. Uamuzi wa aina hiyo, kwa sababu yoyote ile, hufuta mapato ya nyumbani kwa siku moja, na mkopeshaji anayejua hivyo huongeza riba au hukataa.

Je, hali itabadilika? Kulipa kwa simu kumerahisisha kumtoza mtazamaji kiasi kidogo, na maonyesho ya uwanjani, kama yale ya Ngome Kongwe, Unguja, wakati wa tamasha la filamu, yanadokeza kwamba watu hukaa wakatazama habari yao hata bila jumba la kisasa. Huenda njia ikapatikana hapo. Huenda pia kampuni za nje zikaendelea kununua haki zote mapema na kuacha makombo. Msambazaji wa Kariakoo anasema atachukua filamu moja zaidi, na isipouzika atabaki na biashara ya vifaa vya simu.

Mamlaka zinazosimamia filamu zingeweza kuanza na jambo lisilo na gharama kubwa: kutangaza kila mwezi idadi ya tiketi zilizouzwa kwa kila filamu, ya ndani na ya nje, ukumbi kwa ukumbi. Vibali wanavitoa wao na majumba wanayajua. Mpaka hapo, msomaji anayeambiwa kwamba soko la dokumentari linakua ana haki ya kuuliza ni tiketi ngapi.