Miguu Iwakayo Moto Usiku



Kila msimu ukikaribia tunaulizana juu ya majamvi, magunia na ngazi; juu ya miguu hatuulizani, na juu ya mkarafuu hakupandwi ila kwa miguu. Mara hii basi tuiache bei kidogo, tuseme juu ya maradhi ya sukari na yale maumivu yake yaanziayo vidoleni.

Mwenye nayo hana haja ya kuelezwa. Mchana ni ganzi, kama aliyevaa soksi na hali hakuvaa. Usiku, akishajinyoosha kitandani, nyayo huwaka moto au huchomwa kama kwa sindano, hata shuka ikimgusa ni adhabu. Wengine husema ni baridi, wengine husema ametupiwa kitu. Sivyo. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu pamoja na vijishipa vya damu viilishavyo, na mirefu kuliko yote ni ile iendayo miguuni. Ndiyo maana vidole vya miguu hutangulia na mikono hufuata.

Sasa mafuta ya karafuu, maana wenyewe ndio sisi. Ni kweli yanatia ganzi, kwa sababu ya yujenoli iliyomo ndani yake, na waganga wa meno wameyatumia tangu zamani. Lakini jino ni jino. Kwenye unyayo hayaponyi mshipa ulioharibika, na yakipakwa makali bila ya kuchanganywa huweza kuunguza ngozi. Asiyesikia huungua asijue. Kukanda kwa maji ya moto na kuota makaa ni kubaya zaidi.

Dawa zipo, na ya kwanza ni kuishusha sukari yenyewe, ili uharibifu usiendelee. Kwa maumivu, Panadol haifai sana kitu, na diklofenaki huweza kudhuru figo, ambazo kwa mwenye sukari mara nyingi tayari zina udhaifu. Spitali huenda mtu akapewa amitriptilini, kidonge cha usiku. Asili yake ni dawa ya huzuni, kwa hiyo mtu asihamaki akadhani ameambiwa ana wazimu. Mwaka 2022 madaktari wa Uingereza walitangaza matokeo ya kuilinganisha na duloksetini na pregabalini kwa wagonjwa 130, wakaona zote tatu hutuliza karibu sawasawa. Basi asiyemudu dawa mpya asijione amenyimwa. Huanzwa kwa kiasi kidogo, hupandishwa taratibu, na hupunguza maumivu pasipo kuyamaliza. Mwenye maradhi ya moyo, au mzee apataye tabu ya kukojoa, amwambie daktari kabla ya kuimeza. Na anayemeza metformini kwa miaka aombe kupimwa vitamini B12, kwani dawa hiyo huweza kuipunguza, na upungufu wake nao huleta ganzi kama hiyo hiyo.

Watu huja wakilalamikia maumivu. Tunachokihofia sisi ni ganzi. Maumivu yakikoma na sukari ingali juu, yawezekana mshipa umekufa, si kwamba umepona. Mtu wa namna hii hugeuza karafuu sakafuni jua la saa saba, miguu mitupu, akaunguza nyayo bila habari. Au hutembea na mwiba siku tatu. Spitali hupima kwa kugusa unyayo kwa uzi maalumu; asiyeusikia yu hatarini. Nyumbani, kila usiku nyayo zitazamwe, kwa kioo au kwa macho ya mjukuu. Baada ya kutawadha, baina ya vidole pakaushwe. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, na shambani visivuliwe. Kidonda, hata kisichouma, kipelekwe spitali siku hiyo hiyo. Kisingojee karafuu ziishe.

Kwa wenye mashamba tuna ombi moja. Mchumaji mwenye miguu ya ganzi hajui kama tawi analolikanyaga limekaa sawa, na aliyemeza kidonge cha usiku huweza kuamka na kizunguzungu. Msimpandishe. Kazi ya kuchambua makonyo ipo, hufanywa kwa kukaa, na apewe yeye kabla ya vijana.