Mimba Haingoji Maradhi Yapite

Tarehe 16 Machi 2020, Serikali ya Tanzania ilipotangaza kuwa mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana Arusha, walikuwapo katika mitaa ya Mnazi Mmoja, Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam, waja wazito waliokwisha kutimiza miezi saba na minane, ambao, ilhali mfanyabiashara aliweza kuahirisha safari yake na shule zikafungwa, wao hawakuwa na namna ya kuahirisha jambo lao.

Taharuki yao ilikuwa na sababu. Hospitali ya Amana pale Ilala, iliyozoewa na kina mama wengi wa wilaya hiyo, ilitengwa kwa wagonjwa wa korona; hesabu za maradhi zikakoma kutangazwa mwezi Mei, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21; na katika nyumba zile za Kariakoo, ambamo wapangaji wa vyumba sita hutumia ua mmoja, huyu alisifu kujifukiza kwa nyungu, yule akaapa kwamba hospitali ndiko yaliko maradhi. Siwalaumu waliosita kwenda kliniki, maana mtu aliyenyimwa habari za yakini hushika ile iliyo karibu naye.

Lakini yakini ilikuwapo, nayo ilikuwa ya tangu zamani. Korona ilikuwa ngeni. Kuvuja damu baada ya kujifungua na kifafa cha mimba si mambo mageni. Uchunguzi wa taifa wa 2015–16 ulikadiria kwamba katika kila vizazi hai 100,000 walifariki kina mama 556, kabla korona haijajulikana popote duniani. Damu ikianza kumwagika, saa chache tu zatosha kumwondoa mtu, wala hapana jirani awezaye kuizuia kwa dua peke yake. Kwa hiyo, mama aliyebaki nyumbani kwa kuiogopa wadi aliikimbia hatari asiyoijua akaiendea ile inayojulikana.

Baadaye elimu ya matabibu ilipambanua mengi: kwamba mja mzito akipatwa na korona huelekea kuzidiwa kuliko mwanamke asiye na mimba, na hatari yake ya kuzaa kabla ya wakati huongezeka; kwamba ni nadra mtoto kuambukizwa angali tumboni; na kwamba mama mgonjwa aweza kumnyonyesha mwanawe akivaa barakoa na kunawa mikono. Shirika la Afya Duniani lilisisitiza pia kwamba mzazi asinyimwe mtu wa kumliwaza wakati wa uchungu, maana upweke nao humdhuru. Chanjo ya korona nayo ilizinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akichanjwa hadharani.

Hofu ya mambo yasiyojulikana haiondoki kwa kuambiwa usiogope. Hupungua mtu anapojua ataingia hospitali gani, na ile ikijaa ataelekea ipi. Dereva gani wa bajaji ataitikia simu usiku wa manane. Nani atakayemtolea damu. Na fedha na khanga zimewekwa wapi.

Basi waume na mama wakwe, msimzuie mja mzito kwenda kliniki, yawe maradhi gani mjini. Kichwa kikimuuma sana, macho yakiingia kiwi, uso ukivimba, damu ikitoka au mtoto akipunguza kucheza tumboni, mpelekeni hospitali saa ile ile.