Nani kakwambia umaskini wa kwenu ni uvivu?

Kama umekulia Kibera, unaujua uwanja wa gofu ulio ng'ambo ya ua. Hakuna aliyekuketisha akakufunza kuhusu walio nacho na wasio nacho. Uliliona pengo hilo mwenyewe, ukiwa bado mdogo.

Sasa njoo nami Njukini, kule Taveta, karibu na mpaka wa Tanzania. Huku hakuna ua wala gofu, lakini vijana wanaona yale yale. Kijana analiona pengo karani anapowasomea majina wenye deni la karo. Analiona kazi ya shule inapotumwa kwa WhatsApp, na nyumbani simu ni moja, ya mama, haina bando. Msichana analiona siku anapokosa sodo. Anabaki nyumbani, kisha akirudi anawaambia wenzake alikuwa na malaria.

Kuona si tatizo. Noma ni vile tunavyojieleza baadaye: "Wale wazazi wao walijituma. Sisi je?" Ukiliamini hilo, unaanza kumwonea aibu mzazi wako, kisha unajionea aibu mwenyewe. Wengine huacha shule hivyo, kimyakimya.

Hebu tulia kidogo. Mama anayeamka alfajiri kuwahi soko la Taveta na ndizi zake, huyo utamwita mvivu?

Tazama ramani. Mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka wa 1948, zimechukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta. Ongeza mashamba makubwa ya mkonge yaliyoanza enzi za mkoloni. Mkulima mdogo anapigania kinachosalia, na ndovu wakiingia usiku, jasho la msimu mzima linakwisha kabla ya jogoo kuwika. Mzazi wako hakuketi katika mkutano wowote ulioamua hayo.

Bidii ina maana, usinielewe vibaya. Lakini mkianza mbio wengine wakiwa mbele hatua mia, atakayefika wa mwisho si lazima awe ndiye mzembe.

Kwa hivyo, ufanye nini? Kwanza, jua haki yako. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Tangu 2017, sheria inaitaka serikali kuwapa sodo bila malipo wasichana waliobaleghe katika shule za umma. Zisipofika, kuziulizia si kuombaomba. Fomu za basari za kaunti na za NG-CDF zikitoka, jaza mapema, usingoje kuitwa.

Pili, ukimwona mwenzako anapatwa na "malaria" kila mwezi, usimcheke. Mtafute pembeni, mwende pamoja kwa mwalimu mnayemwamini. Aibu hiyo haikuwa yake tangu mwanzo.