Kuku wako anachagua chakula?

Tazama chombo cha kuku wako jioni. Je, kumebaki unga mwembamba chini? Basi kuku amedonoa chenga kubwa na kuacha vumbi. Mara nyingi chokaa, chumvi na vitamini hubaki katika vumbi hilo. Kuku akizikosa, mayai hupungua na maganda huwa mepesi. Ganda likipasuka, vijidudu huingia ndani ya yai unalotaka kumlisha mtoto.

Fanya hivi:

- Usisage mahindi yakawa laini kama unga wa ugali. Yavunje yawe chenga ndogo zinazolingana.
- Nyunyizia maji kidogo ili vumbi lishikamane na chenga. Toa chakula kitakachokwisha siku hiyo hiyo, maana kikilala huchacha na kuota ukungu.
- Maganda ya mayai yachemshe, yakaushe, kisha yaponde yawe vipande vidogo, si unga. Ganda la yai hujengwa kwa saa 20 hivi, nyingi zikiwa za usiku. Vipande hukaa katika firigisi na kuyeyuka polepole wakati kuku amelala.

Kumbuka: yai la mtoto lipikwe mpaka ute na kiini vigande.