Kuhani Aliyewekwa na Mungu: Wokovu Hauna Ada



Katika ziara yetu ya kukagua miradi milimani Uluguru tulikutana na mama mjane aliyeacha kushiriki Chakula cha Bwana. Alisema hakuwa amemaliza bahasha zake za ahadi, kwa kuwa ndizi hazikupata bei. Hakuna aliyemkataza. Alijizuia mwenyewe, akiamini kwamba asiyelipa hana wa kumwombea. Kwa sababu hiyo tumeona vema kueleza kwa ufupi fundisho la Yesu Kristo kama Kuhani Mkuu.

Wazee wetu walitafuta mwombezi

Zamani watu wa Uluguru na Uzaramo waliliheshimu pango la Kolelo katika milima hii. Ukame ulipozidi, wajumbe walitoka mbali na sadaka zao kwenda kuomba mvua, na watunzaji wa mahali pale ndio waliowapa majibu. Martin Klamroth, mmisionari Mlutheri aliyetumika Uzaramo, aliandika habari hizo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1905 jina la Kolelo lilisikika tena katika vuguvugu la Maji Maji, wakati Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alipogawa maji ya kuwakinga watu na risasi. Wajerumani walimnyonga Agosti mwaka huo, na maelfu ya watu walikufa kwa vita na njaa.

Hatuandiki haya ili kuwadharau wazee wetu. Walijua kwamba mwanadamu anahitaji wa kumsemea. Maswali yanayobaki ni mawili: nani amemweka huyo mwombezi, na anadai nini?

Waraka kwa Waebrania unajibu

1. Hakujiweka mwenyewe. Kama Haruni alivyoitwa na Mungu, ndivyo Kristo alivyoitwa (sura ya 5). Kwa ukoo hakustahili: makuhani walitoka kabila la Lawi, naye alitoka Yuda. Waluguru, ambao vyeo vyao vya kimila hufuata ukoo wa mama, wanaelewa uzito wa jambo hili. Waraka unamfananisha na Melkizedeki, mfalme wa Salemu aliyembariki Abramu, ambaye ukoo wake hautajwi (sura ya 7). Kwa hiyo Kuhani huyu si wa ukoo mmoja, ni wa watu wote.

2. Alijitoa mwenyewe, mara moja tu. Kuhani mkuu wa zamani aliingia Patakatifu pa Patakatifu kila mwaka na damu ya wanyama. Makuhani walisimama kila siku wakirudia sadaka zilezile, lakini Kristo alipokwisha kujitoa aliketi (sura ya 10). Mtu huketi kazi ikiisha.

3. Anatuelewa, kwa sababu alijaribiwa kama sisi (sura ya 4).

Maana yake kwa kamati zetu

Ndiyo sababu sisi Walutheri humwita mtumishi wetu mchungaji, wala si kuhani. Mwaka 1520 Martin Luther aliandika kwamba wote waliobatizwa ni makuhani. Mbele za Mungu mwenyekiti, mtunza hazina na mjane yule wana nafasi moja.

Je, tuache kuchangia? La hasha! Waebrania 13 inataja sadaka zinazobaki: kumsifu Mungu, kutenda mema na kushirikiana. Mfuko wa saruji, siku ya kuchimba mtaro wa bomba na fedha zinazotumwa na rafiki wa mbali ni shukrani kwa wokovu tuliokwisha kupewa. Hakuna anayenunua nafasi mbinguni kwa mradi, awe mkulima wa Mgeta au mfadhili wa Ulaya.

Kwa hiyo tunaziomba kamati zifanye mambo mawili. Kwanza, ziwaeleze waumini waziwazi kwamba ahadi si sharti la kuikaribia meza ya Bwana. Pili, wazee wa kanisa wawatembelee waliojitenga kwa aibu ya madeni, wakienda bila daftari la michango.

Tulipomaliza kumweleza, mama yule aliuliza, "Sasa bahasha ni ya nini?" Ni swali zuri. Kila kamati iwe tayari kulijibu.