Jino la mtoto lina usaha? Tiba ya mwanga husaidia, lakini si peke yake

Mtoto akilia na jino siku mbili tatu, kisha maumivu yakakoma ghafla, wazazi wengi hushusha pumzi na kuahirisha safari ya kliniki. Kumbe mara nyingi utulivu huo maana yake ni kwamba kiini cha jino, chenye mishipa ya damu na fahamu, kimekufa. Bakteria wamebaki ndani, na baadaye kipele cha usaha hutokeza kwenye fizi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria mwaka 2022 kuwa watoto milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza. Jino lililooza lisipotibiwa, ndilo huishia kwenye usaha.

Kulisafisha si rahisi. Mizizi ya meno ya utoto ni myembamba, imepinda na ina vijia vidogo ambavyo vifaa vya daktari havifiki. Ndiyo sababu baadhi ya madaktari wa meno huongeza tiba ya mwanga.

Inavyofanya kazi

Daktari huanza kwa kuondoa uozo na kusafisha mzizi. Kisha huweka ndani rangi maalumu, kwa kawaida ya buluu, ambayo huwashika bakteria. Baada ya dakika chache humulika mwanga mwekundu. Mwanga ukiipata rangi hiyo, oksijeni iliyo karibu hugeuka kuwa kali na kuwaharibu bakteria.

Wazo hilo ni la zamani. Mwaka 1900 mjini Munich, Ujerumani, mwanafunzi wa udaktari Oscar Raab aliripoti kuwa rangi aliyokuwa akiichunguza iliua viumbe vidogo vya majini ilipopata mwanga.

Watafiti, wakiwamo wa Brazil, wameijaribu kwa meno ya watoto. Zipo tafiti zilizoonyesha bakteria wakipungua, lakini hilo halijaifanya kuwa mbadala wa kusafisha mzizi, kutoa usaha au kung'oa jino lililoharibika mno. Ni nyongeza tu. Kliniki isiyo na kifaa hicho bado inaweza kumtibu mwanao vizuri.

Usichanganye taa

Taa ya buluu inayoonekana katika kliniki nyingi wakati wa kuziba jino haiui bakteria wa usaha. Kazi yake ni kugandisha dawa ya kuzibia. Vivyo hivyo, vitaa vya mdomoni vinavyouzwa mtandaoni haviwezi kutoa usaha ulio ndani ya mzizi.

Antibayotiki za kununua bila kuandikiwa nazo hazimalizi tatizo. Dawa husafiri kwa damu, na jino lililokufa halina damu ndani yake. Daktari huziandika hasa pale maambukizi yanapoanza kusambaa au mtoto anapokuwa na homa.

Kimbilia hospitali ukiona:

- Uvimbe unapanda kuelekea jicho au kushuka shingoni
- Homa pamoja na uvimbe wa uso
- Mtoto anashindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri

Dalili hizi hazisubiri asubuhi.

“Si litang'oka tu?”

Magego ya utoto hukaa mdomoni hadi mtoto afikishe miaka 10 hadi 12. Chini yake jino la ukubwani linakua, na usaha wa muda mrefu unaweza kuliharibu kabla halijachomoza.

Mzazi, anza kumpiga mtoto mswaki mara tu jino la kwanza linapoota, mara mbili kwa siku, kwa dawa yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka mitatu, na punje ya njegere kuanzia miaka mitatu hadi sita. Usimlaze na chupa ya maziwa au juisi. Mpeleke kwa daktari wa meno kabla hajatimiza mwaka mmoja, hata kama haumwi.